Mchumba wangu alisema "upuuzi" mbele ya wazee, kikao cha mahari kikavunjika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, Mgogo wa Bahi, nafanya kazi ya uhasibu kwenye duka la pembejeo hapa Dodoma mjini. Nina mchumba ambaye kwao ni Same lakini amezaliwa na kukulia Temeke. Alikuja huku kikazi ofisi yao ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam. Barua ya posa ilipokelewa vizuri na wazee walimpenda, maana siku ya kwanza aliingia na salamu yetu ya Kigogo, "mbukwenyi", na akala mlenda bila kukunja uso.

Shida imetokea kwenye kikao cha mahari, nyumbani kwa baba mkubwa, Bahi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Idadi ya ng'ombe na mbuzi ilikubaliwa, mkaja wa mama ukakubaliwa, blanketi la bibi likakubaliwa. Likabaki suala moja: ng'ombe waletwe wenyewe au itolewe pesa? Baba mkubwa akasema pesa si mbaya, lakini angalau wawili waje kwa miguu yao, ukoo uwaone. Mshenga wetu akawa anaomba kwa upole lizungumzwe zaidi. Mchumba wangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akadakia: "Jamani, mambo ya kuswaga ng'ombe siku hizi ni upuuzi tu. Tupige hesabu nitume kwenye simu, tumalize."

Baba mkubwa alikuwa anaandika kwenye daftari. Akaweka kalamu katikati, akalifunga, akasema, "Basi. Sisi wapuuzi tumemaliza kikao." Akatoka kwenda kuangalia mbuzi wake zizini. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai, akabaki amesimama nalo mlangoni.

Tangu siku hiyo nina pande mbili. Mchumba wangu anasema hajamtukana mtu. Anasema alitamka "upuuzi", hakutamka "wapuuzi", na ametafuta kamusi kwenye simu akanionyesha kwamba upuuzi ni jambo lisilo na maana, basi. Amepiga picha ukurasa huo na anataka nimtumie baba mkubwa. Kwetu nako baba mdogo anasema ni tusi la wazi, tena angetaka angempeleka polisi. Wazee wameagiza faini ya mbuzi wawili kabla hawajakaa naye tena. Mama peke yake ndiye anayesema ni ulimi wa mjini tu, utapoa.

Mimi nimechanganyikiwa kwa sababu neno hilo ni la kwake la kila siku. Mtandao ukiwa mzito, upuuzi. Refa akikataa penalti, upuuzi. Nikimtania, ananiambia "acha upuuzi wako" huku anacheka, na mimi nacheka. Ila pia, Shangazi, juzi nilimuuliza kuhusu kiwanja tunachokilipia pamoja kule Nzuguni, kama ameshaona karatasi zake. Akaniambia "usianze upuuzi", akarudi kwenye simu yake. Nikanyamaza.

Naomba unisaidie. Upuuzi ni tusi au si tusi? Nimtumie baba mkubwa hiyo picha ya kamusi? Na hao mbuzi walipwe, au mchumba wangu anaonewa?

Binti wa Bahi, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

La haraka kwanza: hiyo picha usiitume. Baba yako mkubwa hakulifunga daftari kwa kutokujua maana ya neno. Alilifunga kwa sababu anaijua vizuri, na ukimpelekea kamusi utakuwa umemwambia kwamba pamoja na kudharauliwa, Kiswahili pia hakijui.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana mchumba wako naye hajasema uongo. Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja mwenendo usio na akili, na hayalingani uzito. Ujinga ni kutokujua. Ndiyo maana tangu uhuru tuliambiwa kwamba maadui wa taifa ni ujinga, maradhi na umaskini, na hakuna mwananchi aliyeona ametukanwa. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wenye wajukuu walikaa kwenye madarasa ya kisomo kufuta ujinga, na waliotoka wanasoma barua zao wenyewe waliona fahari. Ujinga unafutika. Huko pwani zamani hata mgeni ambaye hajauzoea mji aliitwa mjinga. Upumbavu ni habari nyingine, kwa sababu hapo mtu anajua au alipaswa kujua, na bado anafanya. Ukimwita mtu mpumbavu umeigusa akili yake yenyewe, na wengi wetu tunalihesabu neno hilo kuwa tusi. Ubwege, uzuzu na ufala unavijua, ni maneno ya kijiweni na hayahitaji mwalimu.

Upuuzi uko katikati, na nguvu yake iko kwenye kitenzi chake, kupuuza. Kupuuza ni kukiona kitu hakistahili kutazamwa wala kusikilizwa. Nenda kituo cha afya chochote uone mabango: usipuuze kikohozi cha wiki mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, viongozi huwaomba wananchi wasiipuuze. Basi upuuzi ni kile cha kupuuzwa: maneno matupu, porojo, mchezo usio na kichwa wala miguu. Majirani zetu wa Kenya wanasema "upuzi", kama zilivyoandika kamusi za zamani, na maana haibadiliki. Kwa hiyo mchumba wako yuko sahihi kwamba kwa asili yake si neno la matusi. Matusi ni kundi jingine na wote tunayajua.

Lakini ni hukumu, mwanangu, tena hukumu inayofunga shauri. Mtu anayesema "hapo sikubaliani" bado yuko kikaoni, anasubiri jibu. Anayesema "naona ni gharama kubwa" ametoa sababu na anaweza kujibiwa. Anayesema "huo ni upuuzi" amesema hakuna cha kujadili hapo, na aliyelileta jambo amewapotezea watu muda. Kwa hiyo neno hili husafiri vizuri likishuka au likienda sambamba, na husafiri vibaya likipanda. Bibi anamwambia mjukuu "acha upuuzi, njoo ule", na mtoto anakuja anacheka. Rafiki anamwambia rafiki. Mtu anaiambia televisheni yake. Mjukuu akimgeuzia bibi maneno hayo hayo, nyumba nzima itasimama. Kamusi haiwezi kuonyesha hilo kwa sababu kamusi haijui nani amekaa kwenye kiti na nani amekaa kwenye mkeka.

Na hoja ya "nilisema upuuzi, sikusema wapuuzi" ni nzuri darasani. Upuuzi ni jina la tendo, mpuuzi ni jina la mtu, na mwalimu wa Kiswahili angempa alama zake. Ila jambo lina mwenyewe. Wazo la ng'ombe kuja kwa miguu lilikuwa limetoka kinywani mwa baba yako mkubwa muda huo huo, bado linaelea chumbani. Ukiliita upuuzi kabla mshenga hajamaliza kuliombea, kila aliyekuwepo anajua linamwangukia nani. Mzee alimalizia tu sentensi ambayo mwenzake aliiacha nusu.

Nadhani kuna jambo la pili lililomuuma, na sijui kama mchumba wako ameliona. Alimpokonya mshenga maneno. Mshenga yupo ili makali yapite kwake yakiwa yamepozwa. Kama pesa ilikuwa rahisi kwenu, mshenga angesema: "Wazee wangu, kijana wenu anaishi mjini, hana zizi, anaomba mumpokelee kwa namna anayoiweza." Ombi lile lile, na huenda lingekubaliwa siku hiyo hiyo, maana baba yako mkubwa alishasema pesa si mbaya. Alitaka wawili tu.

Na hao wawili nitawatetea kidogo, kwa sababu kijana wa Temeke anaweza kudhani ni ushamba. Kwa Wagogo ng'ombe wa mahari haingii kwa mtu mmoja akaishia hapo. Ana mafungu yake: upande wa baba, upande wa mama, wajomba nao wanangoja chao. Ng'ombe akiingia zizini mchana, majirani wanamwona, wajomba wanamwona, na kesho na keshokutwa akizaa watu watasema huyu ni wa mahari ya binti fulani. Pesa ikiingia kwenye simu ya mzee mmoja, nani ameiona? Mzee ndiye atakayebaki akiulizwa na ndugu zake ilikwenda wapi. Alipotaka wawili waonekane alikuwa anajilinda na lawama, na alikuwa anakulinda na wewe, ukoo mzima ushuhudie kwamba umeolewa kwa heshima. Mchumba wako akielezwa hivyo, naamini ataona kwamba alilipuuza jambo ambalo hakuwa ameuliza sababu yake. Muda wa kumweleza ni sasa, mkiwa wawili, bila kumkaripia.

Usiogope kwamba wazee wenu hawavumilii maneno makali. Wanavumilia sana, ila kwa anayeruhusiwa. Angekuwa Mnyamwezi pengine baba yako mkubwa angecheka na kumrudishia kubwa zaidi. Misafara ya Wanyamwezi kwenda pwani ilipita Ugogo, ikanunua maji na chakula humo na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, na utani wa makabila haya mawili unahusishwa na njia hiyo. Mtani anaweza kukuambia upuuzi msibani na bado akashika jembe akachimba kaburi. Lakini mkwe si mtani. Mkwe na baba mkwe wanaoneana haya, na haya hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mchumba wako alitumia ulimi wa mtani akiwa amekalia mkeka wa mkwe.

Tuje kwenye kulimaliza. Nyinyi mnaishi kwenye mji wa Bunge, basi chukueni mfano wa pale. Mbunge akitamka neno la kuudhi, kiti hakimwambii alete kamusi. Kinamwambia afute kauli. Anasimama, anasema ameifuta, anakaa, na mjadala wa bajeti unaendelea. Hata akiwa na hoja nzuri, hoja inasubiri mpaka neno liondoke. Mchumba wako afanye hivyo hivyo. Mshenga atangulie kuomba nafasi. Ikipatikana, mchumba wako aende Bahi mwenyewe. Si mbali, ni lami mpaka pale kwa barabara ya Singida, na jambo la namna hii haliombwi radhi kwa ujumbe wa simu. Akae chini, na maneno yake yawe machache: "Baba, siku ile nilitamka neno lisilofaa mbele yenu. Nalifuta, na naomba mnisamehe." Hapo anyamaze. Asiseme "kama niliwakwaza", kwa sababu aliwakwaza na anajua. Asiseme "sisi Dar tumezoea", kwa sababu tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 Dodoma imepokea watu wengi wa Dar, na wengi wao wamejifunza kukaa na wenyeji. Asirudishe hoja ya ng'ombe siku hiyo. Hiyo ni kazi ya mshenga, siku nyingine.

Mbuzi walipwe. Najua vijana huona faini kama uonevu, lakini sikiliza faini inasema nini. Wazee waliokukataa hawakutozi kitu, wanakurudishia barua yako. Hawa wametaja bei ya kurudi kikaoni, maana yake mlango hawajaufunga. Mshenga anaweza kuomba apunguziwe awe mmoja, na nisingeshangaa wakikubali. Nawashauri mbuzi huyo achinjwe siku hiyo hiyo, mle pamoja na mchumba wako akiwepo, ili pasibaki mtu wa kulianzisha tena. Baba mdogo na habari zake za polisi muacheni apoe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inazungumzia lugha ya matusi inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Kauli ya kwenye kikao cha mahari kuhusu kuswaga ng'ombe haina haja ya kufika kituoni, na naamini yeye mwenyewe analijua hilo.

Nimeyasema hayo yote, na bado kilichonikosesha raha kwenye barua yako si kikao. Ni ile sentensi yako ya juzi kuhusu kiwanja. Umeiweka mwishoni kama kitu kidogo.

Neno moja linaweza kuwa na kazi mbili nyumbani. "Acha upuuzi wako" ya kucheka, baada ya wewe kumtania, ni mapenzi, na usimnyang'anye. Ya mtandao na ya refa hayamdhuru mtu. Lakini wewe ulimuuliza swali la kweli, kuhusu pesa yako, na akajibu "usianze upuuzi" kisha akarudi kwenye simu. Hapo neno limefanya kazi yake kamili ya kupuuza. Halikukujibu ndiyo wala hapana. Lilikuambia kwamba swali lako halistahili kujibiwa, na wewe ukanyamaza. Wazee walipoambiwa hivyo walifunga daftari. Wewe hukufunga chochote, na natamani ungefunga.

Sisemi mchumba wako ni mtu mbaya. Inawezekana hata yeye hajaziona hizo karatasi na anaona aibu kukiri. Inawezekana amechoka tu, au aliyemuuzia anampiga chenga. Yote hayo yanazungumzika. Kisichozungumzika ni mwanamke kuzoea kwamba kila akiuliza jambo zito anaambiwa ni upuuzi, mpaka siku moja anaacha kuuliza. Nimesoma barua nyingi za wake za watu walioanzia hapo hapo, na karibu zote zinasema "mwanzoni nilidhani ni utani".

Kwa hiyo chagua siku ametulia, ameshakula, simu iko pembeni, umuulize tena kwa sauti yako ya kawaida: kiwanja ni namba ngapi, kitalu gani, kimepimwa au hakijapimwa, risiti zimeandikwa jina la nani? Akisema tena upuuzi, usigombane wala usilie. Mwambie, "Nimekuuliza, nasubiri jibu," kisha ubaki hapo hapo umekaa. Akikujibu vizuri, mshukuru na mwende pamoja kuziona karatasi. Asipokujibu, sitisha mchango wako wa mwezi huu mpaka ajibu, na umwambie wazi kwamba umesitisha na kwa nini. Ukipata namba ya kiwanja na kitalu, nenda nazo ofisi ya ardhi ya Jiji uulize kimeandikwa kwa jina la nani. Ni haki yako kama mtu anayekilipia, na fanya hivyo kabla mshenga hajarudi kwa baba yako mkubwa kuomba tarehe mpya.

Shangazi